Wale wa Akiba

Kiti cha Soyuz, chombo cha Kirusi kinachobeba wanaanga, hakichaguliwi kwa saizi. Mwanaanga hulazwa kwenye beseni la jasi bichi akiwa na nguo nyepesi, magoti yamekunjwa karibu na kifua, akatulia mpaka jasi igande kwa umbo la mgongo wake. Kwa kufuata umbo hilo mafundi hutengeneza kiti kitakachombeba yeye peke yake. Juu ya kichwa huachwa nafasi kidogo, kwa sababu huko anakokwenda uti wa mgongo hunyooka na mtu hurefuka kwa sentimita kadhaa, na kiti kikimbana siku ya kurudi, kishindo cha kutua kitamuumiza.

Hayo yote yanapendeza kuyajua, lakini kilichobaki kichwani mwangu ni kingine. Mwanaanga wa akiba naye hulazwa kwenye jasi. Naye hupimwa, naye hutengenezewa kiti. Halafu, mambo yakienda vizuri, hakikalii.

Nina sababu yangu ya kuganda hapo. Majuzi nilipata jibu la nafasi niliyoiomba na kuitamani kwa muda mrefu: nimefaulu usaili, ila jina langu limewekwa kwenye orodha ya akiba. Mafunzo ya maandalizi nitahudhuria pamoja na waliochaguliwa, kila somo na kila mtihani, na nafasi ikitokea nitajulishwa. Rafiki zangu wananipongeza. Mimi sijui nipokee pongezi au pole, kwa hiyo nimekuwa nikikesha nasoma habari za watu wanaojiandaa kwenda kwenye kituo cha anga za juu, hasa wale wanaojiandaa kisha wasiende.

Kwanza nilitaka kujua maandalizi yenyewe yana uzito gani. Yana uzito kuliko nilivyodhani. Mjini Houston kuna bwawa lenye urefu wa mita 62, upana wa mita 31 na kina cha mita 12, zaidi ya lita milioni 23 za maji, na ndani yake vimezamishwa vielelezo vya kituo kwa ukubwa wake halisi. Mwanaanga huvishwa suti inayozidi kilo 100, hushushwa kwa winchi, kisha wapiga mbizi humpachika vipande vya uzito na vya kuelea, hapa kimoja, pale kingine, mpaka asizame wala asiibuke. Ndipo kazi inaanza, na huchukua takribani saa sita bila kutoka. Kwa kila saa moja atakayofanya kazi nje ya kituo, huenda akamaliza hadi saa saba humo majini.

Bwawa hilo lina uongo wake, na wanaolitumia wanaujua. Suti inaelea, lakini mwili ulio ndani ya suti bado una uzito. Ukigeuzwa kichwa chini, damu inajaa usoni na mabega yanaegemea vyuma vya suti. Maji nayo hupunguza mwendo wa kila kitu. Kifaa ulichokisukuma kinasimama chenyewe, wakati huko juu kingeendelea kwenda na wewe ukaenda nacho. Glavu zimejaa hewa, kwa hiyo kila unapofumba kiganja unashindana nayo. Wapo waliong'oka kucha kwa mazoezi hayo. Nasisitiza: kwa mazoezi, kabla hata ya kuiona roketi yao.

Faida ya mateso hayo ilionekana tarehe 16 Julai 2013. Luca Parmitano, Mwitaliano, alikuwa nje ya kituo na Chris Cassidy alipohisi maji nyuma ya kichwa. Yalitoka kwenye mfumo wa kupooza suti. Pasipo mvuto maji hayatiririki kwenda chini. Yalimtambaa kichwani, yakamfunika macho na pua, yakaingia masikioni. Jua likazama akiwa bado njiani kurudi mlangoni. Haoni, hasikii vizuri, na akivuta pumzi puani anavuta maji. Alirudi kwa kufuata kamba ya usalama iliyokuwa ikimvuta taratibu, mikono ikitafuta vishikio alivyokwisha kuvizoea. Siamini kwamba ujasiri peke yake ulitosha. Nadhani kilichomrudisha ni kwamba mikono yake ilishapita njia hiyo mara nyingi kiasi cha kutohitaji macho.

Mazoezi ya dharura yana ladha nyingine. Hofu kubwa ndani ya kituo ni tatu: moto, hewa kuvuja nje, na amonia ya mfumo wa kupooza kituo kuingia ndani. Wakufunzi, kwa lugha yangu, hulipwa waharibu mambo. Humwingiza mtu kwenye chombo cha kuigizia, wakamzimia kompyuta, na alipoanza kuishughulikia wakamwashia king'ora cha moshi. Tarehe 14 Januari 2015 king'ora cha amonia kililia kweli huko juu. Wafanyakazi wa kituo walivaa barakoa, wakahamia upande wa Kirusi na kufunga mlango nyuma yao. Baada ya saa kadhaa ikajulikana kwamba kompyuta ilikuwa imekosea, amonia haikuvuja. Mwaka 2018 hewa ilivuja kweli, kupitia tundu la milimita mbili hivi kwenye chombo cha Soyuz kilichokuwa kimeegeshwa kituoni, na Alexander Gerst akaliziba kwanza kwa kidole. (Hilo sidhani kama mtu alifundishwa.)

Kuna na mengine madogomadogo: kujifunza Kirusi mpaka uweze kusoma vitufe vya Soyuz bila kufikiri, kushona jeraha, kung'oa jino la mwenzako, kutumia choo kisicho na msaada wa mvuto. Kuna kulala porini wakati wa baridi kali, kwa sababu mwaka 1965 Alexei Leonov na Pavel Belyayev walitua mbali na walikotarajiwa, katikati ya msitu wenye theluji. Kuna safari zisizoisha kati ya Houston, Star City karibu na Moscow, Cologne, Tsukuba na Quebec, ambako hufundishwa kuendesha mkono wa roboti wa kituo. Mtu anaishi kwenye sanduku la nguo kwa miaka.

Wa akiba naye hivyohivyo. Nilidhani labda wao hupewa mafunzo mepesi, muhtasari fulani. Sivyo. Huko Star City, mwisho wa mafunzo, vikosi vyote viwili hukalishwa kwenye mtihani wa kuigiza safari. Kamanda huchagua bahasha iliyofungwa, na ndani yake yameandikwa matatizo yatakayowapata siku hiyo. Yeye hayaoni, wakufunzi ndio wanayajua. Kikosi cha kwanza huchagua bahasha, cha akiba huchagua bahasha. Kisha wote husafiri hadi Baikonur, kituo cha kurushia roketi huko Kazakhstan, kila kikosi na ndege yake, wote huwekwa karantini, wote hujaribu suti. Asubuhi ya safari ndipo hutengana: watatu wanapanda, watatu wanabaki kuangalia juu.

Mchezaji wa akiba kwenye mpira walau hupasha misuli joto akijua kocha anaweza kumwita dakika ya themanini. Hawa wakishaona roketi imeondoka, mchezo wao wa siku hiyo umekwisha. Ni kweli kwamba kwa Soyuz mara nyingi kikosi cha akiba ndicho kinachofuata kuruka miezi michache baadaye, na hilo linapunguza uchungu. Lakini mara nyingi si kila mara.

Sasa nifike kwenye kisa kilichonikosesha usingizi hasa. Juni 1971, Leonov huyohuyo wa msituni, pamoja na Valeri Kubasov na Pyotr Kolodin, walikuwa tayari Baikonur kwenda kwenye Salyut 1, kituo cha kwanza cha anga katika historia. Siku chache kabla ya kuruka, madaktari wakaona doa kwenye pafu la Kubasov, wakahofia kifua kikuu. Kanuni ilikuwa kwamba muda ukiwa umebaki mdogo hivyo habadilishwi mtu mmoja. Hubadilishwa kikosi kizima. Wakaingia wa akiba: Georgi Dobrovolski, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev. Waliruka tarehe 6 Juni, wakawa watu wa kwanza kuishi ndani ya kituo cha anga, wakakaa zaidi ya wiki tatu. Tarehe 30 Juni walipokuwa wakirudi, vali ya hewa ilifunguka wakati sehemu za chombo zinaachana. Hawakuwa na suti za kuwakinga, maana watatu wenye suti wasingeenea. Chombo kilishuka chenyewe, parachuti zikafunguka, kikatua vizuri. Waliokuja kuwapokea walifungua mlango wakakuta wamekufa.

Kubasov hakuwa na kifua kikuu.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha bahati: tazama, doa la pafu liliwaokoa watatu! Siupendi usimulizi huo. Ukikisimulia hivyo, Dobrovolski na wenzake wanageuka kuwa watu waliokufa badala ya wengine, na kazi yao inafutika. Walioingia Salyut wakiwa wa akiba walikuwa wameiva. Moshi ulipotokea ndani ya kituo waliudhibiti, wakaendelea na majaribio yao. Kifo chao kilitokana na vali, hakikutokana na kuwa wa pili kwenye orodha. Baada yao Wasovieti walipunguza watu wa Soyuz kutoka watatu hadi wawili kwa miaka kadhaa ili suti zipate nafasi, na mpaka leo hakuna anayepanda wala kushuka na Soyuz bila suti.

Ninayemfikiria zaidi ni Kolodin. Leonov na Kubasov walipata safari yao mwaka 1975, ile ya kuunganisha chombo cha Kisovieti na cha Kimarekani. Kolodin, aliyeteuliwa kuwa mwanaanga mwaka 1963, alibaki kikosini hadi miaka ya 1980 na hakuruka kamwe. Alikuwa mzima wa afya, hakufeli mtihani. Pafu lenye doa halikuwa lake. Nimejaribu kumtafutia faraja nikaona sina haki hiyo. Alinusurika, ndiyo. Lakini mtu anaweza kunusurika na bado akawa amekosa kitu alichokiandalia maisha yake, na hayo mawili hayafutani.

Wamarekani nao wana wao. Ken Mattingly aliondolewa Apollo 13, safari ya kwenda mwezini, siku chache kabla ya kuruka mwaka 1970 kwa hofu ya rubela, ugonjwa ambao hakuupata; miaka miwili baadaye alikwenda mwezini na Apollo 16. Kuanzia hapo karantini ya kabla ya safari ikawa jambo la lazima.

Na hii ya karibuni bado imo vichwani mwa watu. Juni 2024 Butch Wilmore na Suni Williams walikwenda kituoni na Starliner, chombo kipya cha kampuni ya Boeing, kwa safari ya majaribio ya siku chache. Chombo kikapata hitilafu, kikaamriwa kirudi bila watu, nao wakabaki hadi Machi 2025. Wote wawili walikuwa wamewahi kuishi kituoni, kwa hiyo waliingia kwenye zamu za kazi moja kwa moja, na Williams akawa kamanda wa kituo. Magazeti yalijaa habari zao. Waliotajwa kwa uchache ni Zena Cardman na Stephanie Wilson. Ili wale wawili wapate viti vya kurudia, chombo cha Crew-9, safari ya kampuni ya SpaceX, kililazimika kuondoka Septemba 2024 kikiwa na watu wawili badala ya wanne, na walioambiwa washuke ni hawa. Wilson alikuwa amekwisha kuruka mara tatu. Cardman ilikuwa iwe safari yake ya kwanza, tena akiwa kamanda, na mafunzo yalikuwa yanafikia ukingoni.

Aliyechukua ukamanda ni Nick Hague, na huyo ana historia yake na viti. Oktoba 2018 roketi yake ya Soyuz iliharibika dakika mbili hivi baada ya kuruka. Chombo kikajitenga, yeye na Aleksey Ovchinin wakatua salama kwenye nyika za Kazakhstan. Miezi mitano baadaye wakapanda tena, wote wawili.

Cardman aliruka tarehe 1 Agosti 2025, kamanda wa Crew-11. Nilipotazama orodha ya waliokuwa naye nilicheka peke yangu. Mike Fincke alikuwa amejiandaa kwa miaka kuruka na Starliner, akahamishwa. Kimiya Yui wa Japani vilevile. Angalau watatu kati ya wanne walikuwa wamefundishwa kwa safari nyingine kabisa, wakiwa na wenzao wengine. Sasa ninapoona picha ya kikosi kinachotabasamu mbele ya bendera, naenda moja kwa moja kutafuta walitoka kwenye orodha gani, na nani yuko nje ya picha.