Nywele, pini na maji ya uti wa mgongo

Ukimpangia mgonjwa wa kifafa kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, usimpe tarehe tu ukamwacha aende. Mwambie kabisa: usiku wa kuamkia siku hiyo aoshe kichwa kwa shampuu, kisha asipake kitu tena. Si mafuta ya nazi, si jeli, si dawa ya nywele. Aliyesuka afumue, na za bandia zitoke. Elektrodi zipatazo 21 hubandikwa kwenye ngozi ya kichwa kwa krimu maalumu, na umeme unaofika pale juu ni mdogo mno, hupimwa kwa sehemu za milioni za volti. Utando wa mafuta ukiingia katikati, mistari inachafuka, na fundi hajui kama anachokiona ni degedege la ubongo au ni elektrodi iliyolegea. Mtu wa Faza au Kizingitini, huko visiwani Lamu, akirudishwa kwa sababu ya nywele, amepoteza nauli ya mashua, nauli ya gari kutoka Mokowe na pesa ya kulala. Hilo ni kosa letu wauguzi, si lake.

Ale kama kawaida. Wengi huja na njaa wakidhani kila kipimo ni cha kufunga, na sukari ikishuka mawimbi ya ubongo hubadilika. Kahawa, chai ya rangi na miraa aviache tangu jana yake. Dawa za kifafa anameza kama kawaida, isipokuwa daktari wake ameandika vingine. Jamaa wakizikata wenyewe “ili ugonjwa uonekane”, anaweza kupata degedege lisilokatika, na hilo huua.

Pengine daktari hutaka mgonjwa apate usingizi wa muda wa saa 4 tu usiku ule. Hapo sharti aje na mtu. Kukosa usingizi huchokoza kifafa, kwa hiyo asikae ukingoni mwa mashua, avae boya, na asipande bodaboda.

Kuna swali moja ambalo kwa Pwani hii silisamehe likisahauliwa: je, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Katikati ya kipimo fundi humwambia mgonjwa avute pumzi nzito za haraka kwa dakika 3. Hewa chafu hupungua kwenye damu na mishipa ya ubongo hubana. Kwa mwenye selimundu hiyo ni njia ya kupata kiharusi. Liandike kwa herufi kubwa juu ya fomu, usitegemee kwamba litaulizwa huko mbele. Vivyo hivyo kwa aliyepata kiharusi karibuni au mwenye moyo mbovu.

MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, ina adui mwingine, nao ni pini. Sumaku ya mashine ile haizimwi mgonjwa akitoka. Iko kazini mchana na usiku. Mama akivua buibui mbele ya muuguzi mwanamke, nyuma ya pazia, ukaagua mtandio kwa vidole, utakuta pini 2 au 3 ambazo yeye mwenyewe keshazisahau. Wanja nao ufutwe, maana baadhi yake una madini. Ukiona hirizi, usiivute wala usiitupe kwenye sinia: muombe mwenyewe aivue, ampe mamake au mumewe aishike pale mlangoni. Fundi wa kuchomelea vyuma muulize kama aliwahi kuingiwa na chembe jichoni. Mwenye betri ya moyo au klipu kwenye mshipa wa ubongo asivuke mlango mpaka wataalamu wa mionzi waseme.

Kwa CT, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka, ikiwa ya dawa ya rangi, majibu ya kriatinini, kipimo cha figo, yawepo, muulize kama dawa hiyo iliwahi kumdhuru, na mwambie mapema kwamba atahisi joto mwilini hadi nyongani, asije akadhani amejikojolea.

Sasa kuchukua maji ya uti wa mgongo. Familia nyingi huamini kwamba sindano hii hupoozesha au huua. Waeleze bila kuwakemea: kwa mtu mzima uti wenyewe, ule wa mishipa ya fahamu, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huingia chini yake, baina ya ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano. Anayekufa kwa homa ya uti wa mgongo ameuawa na homa, mara nyingi kwa kucheleweshwa. Kama fahamu zimepungua au upande mmoja umelegea, daktari hutaka CT kwanza, kwani presha ikiwa juu kichwani sindano inaweza kuuvuta ubongo chini. Antibiotiki haingojei CT.

Akojoe kwanza. Pima sukari ya damu wakati huohuo, la sivyo sukari ya maji hayo ya mgongo haina cha kulinganishwa nacho. Kwa kawaida huwa kama theluthi 2 ya ile ya damu. Mlaze ubavu, ukingoni mwa kitanda, ajikunje kama kamba wa baharini aliyepikwa: magoti tumboni, kidevu kifuani, mgongo wima sambamba na ukingo. Mkono wako mmoja nyuma ya magoti, mwingine nyuma ya mabega. Kwa mtoto usiikunje shingo kwa nguvu, utaziba pumzi. Angalia kifua muda wote. Vidole vikiwa na piko, oksimita, kile kipima oksijeni ya damu, iweke kwenye ndewe ya sikio.

Chupa ziandike namba kabla, si baada. Inua ya kwanza mbele ya karatasi nyeupe: maji mazima yameng'aa kama ya mvua. Damu ikififia kufikia chupa ya tatu, yaelekea sindano iligusa mshipa. Ikiwa sawa zote, hofia damu kichwani. Zipeleke maabara mwenyewe ndani ya saa moja. Usiziweke kwenye friji, baridi huua vijidudu vinavyotafutwa, na usiziache dirishani juani.

Kulazwa chali saa 24 ni desturi tu. Tafiti hazikuonyesha kwamba huzuia maumivu ya kichwa. Sindano nyembamba yenye ncha ya penseli husaidia zaidi. Saa ya kwanza pima mapigo, presha na fahamu kila dakika 15. Akiruhusiwa, mwambie: kichwa kinachouma ukikaa na kutulia ukilala kinaweza kuanza hata siku ya tatu, unywe maji na parasetamoli, lakini miguu ikifa ganzi, mkojo ukizuilika au kitambaa kikilowa mgongoni, rudi usiku huohuo.