Santuri za panki na katuni za mashujaa: nilivyozifanya ziishi Kirumba

Forest Hills ni mtaa ulioko Queens, jijini New York. Huko ndiko walikotoka vijana wanne walioanzisha bendi ya Ramones mwaka 1974, na huko ndiko Peter Parker, yaani Spider-Man, alikolelewa na mama yake mkubwa May katika katuni za Marvel. Mwaka 1995 Ramones wakaurekodi kabisa wimbo wa Spider-Man, ule wa kipindi cha televisheni cha mwaka 1967. Shujaa wa kuchorwa na bendi ya kweli, wote watoto wa mtaa mmoja. Ndiyo maana nyumbani kwangu Kirumba, jijini Mwanza, si mbali na Mwaloni, santuri za panki na katuni za mashujaa zinakaa chumba kimoja, na sitaki kuzitenganisha.

Vitu vyenyewe vilikuwa vya baba mdogo. Alisoma Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, akarudi na masanduku ya santuri, mashine ya kuzipigia, na mabunda ya katuni yaliyofungwa kamba. Alipostaafu na kurudi Ukerewe aliniita kwake Isamilo, akaniambia, “Chukua, mwanangu. Nansio siendi navyo. Ila usivifanye pambo la sebuleni.” Nikapokea. Sharti lake ndilo lililonipa kazi: kila santuri ipigike na kila katuni isomeke, katika hewa ya ziwa, kwa umeme wetu na vumbi letu.

Kwa asiyeujua muziki huu, panki ya melodi ni gitaa zinazonguruma bila madoido, ngoma za mbio, na juu yake sauti inayoimba kweli, wimbo ambao unaweza kuushika ukiwa unafua nguo. Santuri ya kwanza ya Ramones, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14 na haifiki nusu saa. Buzzcocks wa Manchester waliingiza majonzi ya mapenzi. Mwanzoni mwa mwaka 1977 walitoa santuri yao ya kwanza kwa fedha za kukopa, wenyewe, bila kampuni. The Undertones walitoka Derry, Ireland ya Kaskazini, wakati mji wao umejaa askari, nao wakachagua kuimba juu ya msichana wa jirani. Mtangazaji John Peel wa BBC alipoupata wimbo wao “Teenage Kicks” mwaka 1978, aliupiga mara mbili mfululizo hewani. Alipofariki, maneno ya wimbo huo yakachongwa kwenye jiwe la kaburi lake. Mimi namwelewa kabisa.

Halafu kuna Descendents wa California, ambao ndio kipenzi changu. Santuri yao ya mwaka 1982, Milo Goes to College, ina jalada lenye mchoro wa katuni wa kijana mwenye miwani na tai. Mwimbaji Milo Aukerman alikuwa kweli anakwenda chuo, akasoma biolojia hadi shahada ya uzamivu, huku akirudi na kurudi kwenye bendi. Jalada lile peke yake ni katuni tosha.

Kazi ya kwanza ilikuwa mwendo. Mashine ya baba mdogo ni ya Marekani, ya umeme wa volti 120. Transfoma ya kushusha umeme nilikuwa nayo, nikaichomeka, sahani ikazunguka vizuri, nikaweka Ramones. Sauti ikatoka nzito, ya usingizi, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. “Blitzkrieg Bop”, wimbo wa dakika 2 na sekunde 12, ulikuwa unakaribia dakika 2 na sekunde 40. Panki ikipungua mwendo kiasi hicho haina kitu tena.

Fundi redio mmoja wa maeneo ya Makoroboi aliipindua, akaitazama mota, akacheka. “Ngosha, mashine ni nzima. Umeme wetu ndio unakwenda polepole.” Akanieleza, na tangu siku hiyo namheshimu sana. Transfoma hubadilisha volti tu. Umeme wa Marekani hupiga mizunguko 60 kwa sekunde, wetu 50, na mota za namna ile hufuata mizunguko, hazifuati volti. Kwa hiyo santuri iliyotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika ilikuwa inazunguka chini ya mara 28. Hakuna waya wa kugusa wala skrubu ya kukaza. Dawa ni puli, kile kigurudumu kidogo kwenye mota kinachovuta mkanda wa mpira: inatakiwa iwe nene zaidi kwa moja ya tano.

Nikaenda Nyakato kwa fundi mkerezaji, mzee anayekereza vipuri vya mashine za kusaga. Alipima puli ya zamani kwa venia, kile kipimo cha unene, akachagua kipande cha shaba, akakiweka kwenye mashine. Nilimwambia hesabu yangu, moja nukta mbili. Akatikisa kichwa. “Unene wa mkanda nao unahesabiwa, kijana. Tuiache kubwa kidogo, tutapunguza. Shaba ukishaikata hairudi.” Alikereza ngazi mbili, moja ya santuri kubwa na moja ya zile ndogo za mizunguko 45, akatoboa tundu la katikati kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona kwa fundi mwingine, maana tundu likienda pembeni hata unywele mmoja, sauti huyumba.

Kupima mwendo hakuhitaji kifaa chochote. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, washa saa ya simu, hesabu. Kwa dakika 3 sahani ya santuri kubwa inatakiwa izunguke mara 100 kamili. Yetu ilipiga 101. Mzee akaondoa unyoya wa shaba, tukahesabu tena: 100. Mkanda wa mpira nao niliubadilisha, kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa umelegea. Usiku huo nilipiga upande wa kwanza wa Ramones mara tatu, dirisha wazi, na sikujali majirani.

Baada ya mwendo ikaja usafi. Santuri iliyokaa miaka kwenye hewa yenye unyevu huota ukungu ndani ya mifereji, nao ukikutana na sindano husikika kama mahindi yanayochomwa. Maji ya bomba hayafai, yakikauka huacha chembe. Mimi natumia maji ya betri, yale meupe ya kuongezea, na hapa muuzaji ulizwe vizuri, kwa sababu duka hilohilo huuza na asidi. Tone moja la sabuni ya vyombo kwenye nusu lita, kitambaa laini kisichoacha nyuzi, na unafuta kwa kuzunguka kufuata mifereji, usiikate katikati. Lebo isilowe. Kisha unasuuza kwa maji ya betri matupu na kusimamisha santuri kivulini mpaka ikauke. Ukiwa na santuri za kale kabisa, za mizunguko 78, za enzi za Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928, usithubutu kuzigusa kwa spiriti. Zile ni za shelaki, nayo huyeyuka katika spiriti.

Santuri zinasimama wima, zimebanana kiasi, mbali na dirisha na mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Chini ya bati, santuri iliyolazwa hupinda kabla hujamaliza kula. Kisha kuna wale wadudu wa ziwani. Aliyekaa Mwanza anawajua: wingu linalosimama juu ya maji kama moshi, jioni likafika mjini na kuvamia kila taa. Usiku wa namna hiyo nazima taa ya chumbani, nawasha ya uani iwavute huko, na mfuniko wa mashine hauinuki. Mdudu mmoja aliyepondwa chini ya sindano huharibu upande mzima.

Katuni ndizo zinazotaka moyo zaidi. Zilichapwa kwenye karatasi ya magazeti, ambayo ndani yake ina lignini, kile kinachoshikanisha nyuzi za mti, na lignini ikipata mwanga na hewa hugeuka njano, kisha kahawia, kisha karatasi inakatika kama chapati kavu. Hakuna aliyezitengeneza zidumu. Amazing Fantasy namba 15, ambamo Stan Lee na Steve Ditko walimtoa Spider-Man kwa mara ya kwanza mwaka 1962, iliuzwa senti 12. Mwaka 2021 nakala moja iliyotunzwa vizuri iliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.6. Kwenye mabunda ya baba mdogo hiyo haimo, na sina haja nayo, maana ya bei hiyo haifunguliwi tena. Zilizomo ni za miaka ya 1970, zilizosomwa na watu, zenye kona zilizokunjika, na ndizo ninazozitaka.

Hifadhi yangu ni tranka, lile la bati la wanafunzi wa bweni. Limekaa juu ya matofali, kwa sababu ya mchwa, na mdomoni nimebandika mpira wa mlango ili hewa isipite. Ndani kuna kipima unyevu kidogo cha bei nafuu. Chumbani wakati wa masika kinasoma juu ya 70 kwa mia. Ndani ya tranka nakitaka kibaki chini ya 50. Kinachofanya kazi hiyo ni vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wauza viatu wa mjini wanavitupa, mimi naviomba. Vikishiba unyevu, namimina chembe kwenye kikaango na kuzikausha kwa moto mdogo sana, nazirudisha kwenye mifuko ya kitambaa. Kila katuni iko ndani ya mfuko angavu mkavu, wa aina wanayofungia mashati mapya, na nyuma yake kadibodi isiyo na asidi, ambayo ndiyo kitu pekee nilicholazimika kuagiza nje. Nailoni laini inayonata, ya majalada ya madaftari, naikataa: hutoa mafuta yanayoganda kwenye wino. Na pini za katikati nazikagua kila masika yanapoisha, kwa kuwa kutu huanzia hapo.

Sisi tuliokua na jarida la katuni la Sani, tukimfuatilia Ndumilakuwili na Lodi Lofa toleo kwa toleo, tunajua utamu wa kusubiri picha inayofuata. Ndiyo raha ninayoipata kwenye Jungle Action, jarida la Marvel lililobeba hadithi za Black Panther. Shujaa huyo, yaani T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, alikuwa ametokea mara ya kwanza mwaka 1966, ndani ya Fantastic Four namba 52, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Lakini ni mwaka 1973, mwandishi Don McGregor alipomrudisha nyumbani Wakanda, ndipo hadithi ilipokuwa kubwa. Kuanzia namba 6 mpaka 18, karibu kila uso unaouona ni wa Mwafrika, na sehemu kubwa imechorwa na Billy Graham, mchoraji mweusi mwenye mkono wa ajabu wa kuchora misuli, maji na maumivu. Mfalme T'Challa amekaa ughaibuni muda mrefu, anarudi, anakuta nchi inaasi chini ya Killmonger. Anapigwa. Anatupwa kwenye maporomoko. Anapanda tena.

Jumamosi jioni watoto wa majirani wanakuja. Wananawa mikono, wanaikausha, tunakaa mezani, katuni inalala kwenye kitambaa na mimi ndiye ninayegeuza kurasa huku nikisoma kwa Kiswahili, Killmonger nikimpa sauti nene, T'Challa sauti ya chini. Kwa kuazima wachukue nyumbani, nina matoleo yaliyochapwa upya kwenye karatasi imara. Mjadala mkubwa mpaka sasa ni kama mfalme aliyeishi mbali ana haki ya kuwakasirikia watu wake kwa kumsahau. Binti mmoja wa darasa la sita anamtetea Killmonger kwa hoja ambazo bado sijapata jibu lake.

Kati ya toleo na toleo tunapiga santuri, na safari hii hata zile ndogo. Singo za Marekani zina tundu kubwa katikati, karibu milimita 38, na kile kipande cha kuzibia kilipotea zamani. Yule mzee wa Nyakato alinikerezea kingine cha alumini, akakataa malipo, akataka tu aje asikilize. Alikuja, akakaa, akasikiliza The Undertones kwa makini ya mtu anayesikiliza injini, akaagiza ipigwe tena. Jumamosi ijayo nimemwahidi Singles Going Steady ya Buzzcocks, ya mwaka 1979: upande mmoja umebeba nyuso za mbele za singo nane, upande wa pili nyuso za nyuma kwa mpangilio uleule. Anataka tuanze na wa pili.