Kwa hiyo ulikuwa karani

Wiki hii matokeo ya Law School, shule inayoandaa mawakili, yametoka na nimepita masomo yote bila sapu, yaani mtihani wa kurudia, hata moja. Mama, ambaye hajasahau yale matokeo ya Oktoba 2022 ya watahiniwa 633 na waliopita moja kwa moja 26 tu, amelia kwenye simu mpaka salio likakata. Jumamosi tumemwoza binti wa Shangazi. Hayo nitayaandika nikitulia. Leo siwezi, maana tangu Alhamisi iliyopita kuna sentensi moja imenikaa kifuani na haitaki kutoka.

Mnaonisoma siku zote mnaijua ile ofisi ya mawakili ya mtaa wa Posta niliyoihangaikia tangu kabla ya Ramadhani. Nafasi mbili za mafunzo, mwaka mzima, na posho ya kueleweka. Ofisi nyingi za mawakili hapa mjini zinakuchukua ujitolee: unabeba majalada, unapanga foleni masjala ya mahakama, unachapa hati za kiapo mpaka usiku, na mwisho wa mwezi unapewa nauli kama ipo. Zinazolipa zinahesabika. Tangazo lao likitoka asubuhi, kufika adhuhuri limeshazunguka makundi yote ya WhatsApp ya wanasheria. Barua ya maombi, CV, matokeo ya chuo, wadhamini wawili, GPA isiyoshuka chini ya waliyoitaja, kisha ule mstari wa mwisho kwamba watakaochaguliwa kwa usaili tu ndio watakaojulishwa. Wengi hawajulishwi. Mara hii nilijulishwa.

Pale mapokezi tulikaa kwenye makochi, wote suti nyeusi na shati jeupe, kila mmoja na bahasha yake ya kaki mapajani. Kaka aliyekaa pembeni yangu alifanya fildi zake zote, yale mafunzo ya vitendo ya chuo, kwenye ofisi kubwa za mawakili, na nusu ya waliopita koridoni walimsalimia kwa jina. Mimi nilisalimiwa na mlinzi, tena kwa heshima sana, Mungu ambariki.

Ndani walikuwa watatu. Maswali ya sheria yalikwenda vizuri. Wakaniuliza pingamizi la awali ni nini, nikawapa kesi ya Mukisa Biscuit ya 1969 kama mtu anayetaja mtaa aliozaliwa: hoja ya sheria tupu, inayosikilizwa kwa kuchukulia kwamba yote yaliyodaiwa na upande wa pili ni kweli, na ikibidi kutafuta ushahidi basi hilo si pingamizi la awali tena. Yule dada wa kushoto akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaona mambo yananyooka.

Ndipo yule wa katikati, mtu mzima mwenye miwani, akafunua ukurasa wa pili wa CV yangu.

"Fildi ya mwaka wa tatu ulifanyia wapi?"

"Mahakama ya Mwanzo, Muheza."

"Kitengo gani?"

"Masjala, wakili. Zaidi majalada ya mirathi."

Akaweka kalamu mezani. "Kwa hiyo ulikuwa karani."

Yule wa kulia akacheka, kile kicheko kifupi cha puani. Nikasema, "Nilikuwa najifunza, wakili." Wakahamia kuniuliza kama naweza kutumia mfumo wa mahakama wa kufungua mashauri kwa mtandao. Ninaweza. Wakashukuru, nikashukuru, nikatoka.

Basi ni hayo tu. Mtu akinisimulia yeye ningemwambia aachane nayo. Lakini nimeirudia kwenye daladala ya Mbagala, nimeirudia nikiosha vyombo, nimeirudia ukumbini Jumamosi wakati MC anaita upande wa bwana harusi waje kutunza na Shangazi ananikonyeza nisimame nicheze. Nimesimama, nimecheza, na kichwani yule mzee anaweka kalamu. Aliiweka kwa sababu amechoka kuandika au kwa sababu hapakuwa na cha kuandika? Alikuwa anauliza au ameshahukumu? Kuna wakati nimejiambia labda alinipima, aone nitajitetea vipi, maana mawakili ndivyo walivyo, wanakusukuma kidogo waone kama utasimama. Inawezekana. Lakini yule wa kulia hakuwa anapima kitu. Alicheka kwa sababu kwake yeye karani ni wa kuchekwa.

Na hapo ndipo panaponiuma hasa. Siumii kwa ajili yangu. Naumia kwa ajili ya Bi Mkubwa.

Niliwahi kumwandika hapa, yule mama wa masjala aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, mwenye kanga begani hata siku ya joto. Siku ya kwanza alinipa rundo la majalada ya mirathi na kuniambia nisiguse mhuri kabla sijasoma. Kila jalada lina mpangilio wake: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi wa mirathi, Fomu Namba 1 ya kuomba usimamizi. Hakimu akishamteua msimamizi, ndani ya miezi minne anatakiwa alete Fomu Namba 5, orodha ya mali na madeni yote ya marehemu, kisha Namba 6, hesabu za namna alivyogawa. Haya yote yapo kwenye kanuni na mtu yeyote wa sheria anaweza kuyakariri. Alichonifundisha Bi Mkubwa hakipo kwenye kanuni. Aliniambia kwenye muhtasari nisihangaike sana na waliohudhuria, nitafute ambao hawapo.

Kuna siku alikuja mwanamke kumsindikiza jirani yake kwenye kesi ya deni. Wakati wanasubiri kuitwa akaenda kusimama mbele ya ubao wa matangazo ya mirathi, akawa anasoma kwa kufuatisha kidole. Kidole kikasimama. Akaja dirishani kwetu akaniambia, taratibu, bila kupaza sauti, "Mwanangu, yule marehemu pale ubaoni ni baba yangu."

Nikatoa jalada. Muhtasari ulikuwa na watoto wanne na sahihi nane. Yeye hakuwemo. Ni mtoto wa mke mkubwa, ameolewa Korogwe, na kaka zake wa mke mdogo walikaa kikao bila kumwambia. Nikampelekea Bi Mkubwa ule muhtasari nikidhani namletea habari. Akanionyesha alama ndogo ya penseli pembeni mwa karatasi, aliyoiweka mwenyewe siku jalada lilipoingia. Sahihi tatu kati ya zile nane ziliandikwa na mkono mmoja. Majina tofauti, lakini kila herufi ya "a" ilimaliziwa na mkia uliopinda juu vile vile, na wino ulikuwa umekolea palepale. Alikuwa ameshaamua kumwonyesha Mheshimiwa Hakimu kabla ya siku ya kusikilizwa.

Yule mama akaelekezwa namna ya kuleta pingamizi lake. Aliandika mwenyewe, herufi kubwa kubwa, akiuliza kila baada ya mstari kama inatosha. Siku ya shauri ndugu wote wakaitwa, kikao cha ukoo kikaamriwa kirudiwe na yeye akiwepo, na muhtasari wa pili ukaja na watoto watano.

Chumba kile hakikuwa na wakili. Kwa miaka mingi sheria haikumruhusu hata wakili kumwakilisha mtu mahakama ya mwanzo, na ndiko mashauri mengi ya nchi hii yanakoanzia na kuishia. Aliyesimama kati ya yule mama na kupotea kwa haki yake alikuwa karani mwenye penseli. Sasa mtu aliyesoma akaelimika anacheka. Nimelia kwa hasira juu ya jambo hili, naliandika wazi.

Jana usiku nikampigia. Amestaafu, yuko shambani kwake na machungwa yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamweleza yote, kalamu, miwani, kicheko cha puani, yote. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akacheka, tena kwa kicheko chake cha kuegemea ukuta.

"Sasa uongo uko wapi hapo? Si ulikuwa karani? Na mimi ndiye niliyekuandikia kwenye kile kitabu chako cha fildi. Unadhani maneno yale nilimwandikia kila mtoto wa chuo aliyepita pale?"

Sikuwa nimekifungua kitabu kile tangu nikikabidhi chuoni na kurudishiwa. Nikakitoa chini ya kitanda nikiwa bado naye kwenye simu. Ukurasa wa mwisho, mahali pa maoni ya msimamizi, wino wa bluu, mwandiko wake ule wa kusimama: "Anajua kupokea jalada. Anasoma kabla ya kugonga mhuri." Chini yake mhuri wa mahakama, umegongwa umenyooka kabisa.

Nikamsomea. Akasema, "Ehe, ndiyo hayo," kisha akaniuliza chungwa moja mjini linauzwa bei gani siku hizi, maana walanguzi wanakuja shambani na bei za kutukana. Tukaongea machungwa nusu saa nzima. Amenipa kazi ya kumuulizia bei ya gunia sokoni Buguruni, nami nimeipokea kwa mikono miwili.

Tangu hapo sentensi ile inanijia bado, ila ikija sasa inakuja na sauti mbili, ya yule mzee na ya Bi Mkubwa, na ya Bi Mkubwa ndiyo kubwa zaidi. Yule wa kulia sijamsamehe. Ofisi ya Posta haijajibu chochote, na wakijibu vizuri nitakwenda, sitawadanganya, kwa sababu kule kuna kazi za kujifunza ambazo sizipati kwingine na mwakani kodi ya nyumba itabidi itoke mfukoni kwangu. Lakini leo mchana nimeandika barua nyingine, kwa wakili mmoja mama mwenye ofisi ya chumba kimoja karibu na Kituo Jumuishi cha Temeke, kule kunakopelekwa mashauri ya mirathi na ndoa. Hajatangaza nafasi yoyote. Nimemwandikia tu. Kwenye CV hiyo Muheza nimeitoa ukurasa wa pili nikaileta wa kwanza, juu kabisa, na nimeandika masjala kwa herufi kamili. Barua ya kumwomba Jaji Mkuu anikubali kuwa wakili nitaianza nikishapata vyeti, hilo lina mlolongo wake na nitaliandika peke yake.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloniweka macho sasa hivi. Friji la Shangazi limeanza kulia. Tangu harusi ipite linanguruma dakika chache, linazima, linanguruma tena, na leo jioni barafu za ukwaju zilikuwa nusu maji. Fundi wa mtaani kaligusa nyuma akasema ni kompresa, halafu akasema labda ni gesi, halafu akaomba hela ya kuja kuliangalia vizuri. Michango imeisha, Shangazi hana akiba hata kidogo, na barafu zile ndizo zinazolipa ada ya mdogo wangu muhula ujao. Umeme wa LUKU nao unakwenda mbio ajabu tangu friji lianze vituko. Kesho asubuhi natafuta fundi mwingine Kariakoo kabla Shangazi hajampa huyu hela.