Jinsi ninavyouchunga mtambo wa redio ulio peke yake mlimani

Mtambo wetu wa FM, wati 300, umekaa peke yake juu ya kilima huku Usambara. Studio iko chini mjini. Masika yakikolea bodaboda haipandi, ni miguu na tope. Kwa muda mrefu tuliokuwa tukiwategemea kutuambia kama tuko hewani ni wasikilizaji. Mama mmoja wa sokoni aliwashinda wote kwa wepesi wa kupiga simu: "Mwanangu, leo mmepotea." Namshukuru mpaka leo, lakini kazi hii msikilizaji haiwezi. Mtambo ukishuka hadi wati 150, aliye karibu hasikii tofauti yoyote, na aliye bondeni anadhani redio yake imeishiwa betri. Huku nyuma maji yameshaingia kwenye kiungio cha antena, nguvu inarudi badala ya kutoka, na transista za mwisho, zinazosukuma nguvu kwenda kwenye antena, zinaungua.

Bei ya mfumo wa kiwandani wa kuuchunga mtambo kwa mbali ilikuwa mamilioni, ushuru bado. Nikaamua kuunda wangu: bodi ya Arduino (kompyuta ndogo unayoipangia kazi), moduli ya simu SIM800L, sensa za joto DS18B20, relei (swichi inayobonyezwa kwa umeme), swichi ya mlango na betri yake yenyewe. Vyote pamoja havikufika hata bei ya simu nzuri. Nyuma ya mtambo wetu kuna tundu la pini 25 linalotoa volti za kuonyesha nguvu inayotoka na inayorudi, na kupokea amri za kuwasha, kuzima na kurudisha mtambo uliojikata. Mitambo mingi ina tundu la namna hiyo na wenyewe hawajawahi kufungua kitabu chake. Kifungueni.

Moduli ya simu ndiyo iliyonitoa jasho. Aliyeniuzia alisema, "Chomeka kwenye volti 5 za bodi, fundi, wote wanafanya hivyo." Taa ya moduli hiyo ikipepesa kila sekunde, inatafuta mtandao, ikipepesa kila sekunde 3, imeupata. Yangu ilikuwa inaupata, inaanza kutuma meseji, inazimika, inaanza upya. Nikaambiwa laini mbovu, nikaambiwa antena mbovu. Mwishowe nikaisoma karatasi ya kiwanda: moduli inataka volti 3.4 hadi 4.4, na inapotuma hunyonya hadi ampea 2 kwa mkupuo. Bodi haina ampea hizo, na volti 5 zimezidi. Nikafunga kishusha volti cha LM2596, nikakiweka kwenye 4.0, na kapasita (kifaa kinachoweka akiba ndogo ya umeme) ya maikrofaradi 1000 karibu kabisa na miguu ya moduli, kwa waya mnene na mfupi. Tangu hapo imetulia. Ushauri ule wa volti 5 bado unazunguka na unawakatisha tamaa vijana wenye akili, ukiusikia, upinge.

Halafu ikaja habari ya nyuzi 85. Saa saba usiku meseji ikaingia: JOTO 85. Meneja naye alikuwa kwenye orodha ya wanaopokea, akanipigia: "Fundi, mtambo unaungua!" Tukapanda na kijana wa studio, tochi mkononi, njia imelowa, ukungu hata miguu yako huioni. Tukafungua mlango: chumba baridi, feni inazunguka, wati 300 zimetulia. Kipimajoto cha mkononi kilisema 24. Usiku uliofuata, tena 85. Waliokuwa wakinisikiliza wakaanza kusema sensa za bei rahisi ndivyo zilivyo, tupa, agiza nyingine Ulaya.

Mimi nikaitazama ile namba. Haikuwa 84 hata mara moja, wala 86. Moto wa kweli haupandi na kusimama kwenye tarakimu ileile kila usiku. Nikachimba nikakuta kwamba 85 ndiyo thamani ambayo DS18B20 huwa nayo kila inapowashwa, kabla haijapima chochote. Maana yake sensa ilikuwa ikizimika na kuwaka. Kwa nini mlimani na si mezani kwangu? Kwa sababu waya wake mrefu ulipita kando ya mtambo unaorusha wati 300, ukawa antena bila kuombwa. Nikabadilisha waya, nikaweka wenye ganda la kinga lililofungwa ethi (waya wa kwenda ardhini) upande mmoja, pete ya feraiti inayozuia mawimbi ya redio pande zote mbili, kapasita ndogo ya nanofaradi 100 kwenye miguu ya sensa, na bodi nzima ndani ya boksi la chuma. Kwenye programu nikaongeza masharti: 85 kamili itupwe, na -127 itupwe, maana hiyo huonekana waya ukikatika, tena kengele isitolewe mpaka vipimo vitatu mfululizo vikubaliane. Sensa ni zilezile za bei rahisi, na zinapima vizuri.

Sasa niwape ninalojivunia kuliko yote. Mtambo ukijikata na kuhitaji kurudishwa, mimi naubipu. Simu inaita mara moja, bodi inasoma namba yangu, inakata, inabonyeza relei. Inasubiri dakika moja, inapima. Nguvu ikiwa imezidi wati 250, mtambo wenyewe unanibipu mimi. Salio haliguswi kwangu wala kwake. Usiponibipu, najua meseji yenye vipimo inakuja. Nguvu inayorudi ikiwa kubwa, amri inakataliwa kabisa, na kwa saa moja hairudishi zaidi ya mara tatu, kwa sababu mtambo unaojikata una sababu yake. Kuzima kabisa hakufanywi kwa kubipu. Namba ya mpigaji inaweza kughushiwa, hivyo kunahitaji meseji yenye neno la siri. Na meseji zinazoingia zifutwe mara zikishasomwa: matangazo ya kampuni za simu hujaza kumbukumbu ya laini, kisha amri yako haiingii.

Ushauri mbaya kuliko wote nilipewa na watu waliosoma kunishinda: "Iweke itume meseji kukiwa na shida tu, uokoe vocha." Hapana! Mnara wa simu unaotuhudumia unakula umeme wa laini ileile ya TANESCO. Umeme ukikatika muda mrefu, betri za mnara nazo huisha, na kengele yangu haina pa kupita. Salio likiisha, kimya. Moduli ikifa, kimya. Na kimya kinafanana na amani. Jirani ambaye moshi wa jikoni kwake hauonekani asubuhi, unakwenda kumpigia hodi. Basi mtambo wangu unatuma "nipo", pamoja na volti, wati na joto, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Na kwa kuwa binadamu hasikii meseji ambayo haikuja, studio nimeweka bodi ya pili yenye laini yake na king'ora: ikifika saa 12 na robo haijapokea kitu, inalia.

Vuli iliyopita ililia asubuhi moja, redio ikiwa hewani safi. Wakaniambia nizime kelele. Nikapanda. Radi ilikuwa imeua moduli ya simu, na chini ya mlingoti waya wa ethi wa shaba haukuwepo, wezi wameukata. Radi nyingine moja ingeuchukua mtambo wote. Tuliufunga waya mpya siku hiyohiyo, na sambamba nao nikapitisha waya mwembamba unaopitisha umeme kidogo muda wote, kama nilivyofanya kwenye swichi ya mlango: ukikatwa popote, kengele inatoka.

Kinachofuata ni kubadilisha moduli. SIM800L inajua 2G tu, mtandao wa simu wa kizazi cha zamani, na AT&T , kampuni ya simu ya Marekani, ilishazima 2G yake kuanzia mwaka 2017. Anayeanza leo anunue ya 4G, na kabla ya kuiunganisha asome kwanza inataka volti ngapi.