Muhogo unalala kwenye joto, mtaalamu wake anatetemeka

Mwenye nyumba kanitumia barua. Hesabu ya joto la mwaka jana: eti nilichokuwa nakatwa kila mwezi hakikutosha, kwa hiyo niongeze euro 412. Mlioko Ujerumani mnaijua hiyo barua. Mlioko nyumbani, badilisheni hiyo hela wenyewe, halafu mkumbuke hapo kodi hatujaigusa, ni joto tu. Na hita yenyewe nilikuwa naiwasha kwa kuibia, usiku nalala na soksi, sweta na kofia kama mlinzi wa Lushoto mwezi wa saba.

Kilichoniuma zaidi ni asubuhi yake. Nilifika kazini, nikaingia kwenye banda la kioo, nikavua koti, nikavua sweta, na jasho likaanza kunitoka. Humo ndani kuna muhogo. Nyuzijoto 28, unyevu unapimwa, taa zinawaka mchana kutwa maana jua la Januari huku ni la kusimuliwa. Miti imesimama kwenye vyungu vyake, majani yanameremeta, haidaiwi na mtu.

Hiyo ndiyo kazi yangu: nasoma vinasaba vya muhogo. Na juzi mjomba kaandika kwenye grupu la familia: "Yaani mtoto wa Muheza kasomeshwa mpaka udaktari, kapanda ndege, kaenda kutazama mihogo kwa Wazungu?" Watu wakacheka mpaka grupu likajaa. Mimi nikanyamaza. Najibu hapa.

Mjomba, shikamoo. Unaikumbuka Kibandameno, ile mbegu ya muhogo ya shamba la bondeni? Ilivyostawi, kila mpita njia alisifia. Siku ya kuvuna mama akachimba, akakata kiazi kwa panga, ndani mabaka ya kahawia, makavu, yamepenya mpaka kwenye moyo. Akakata kingine, vilevile. Hata wa kuchemshia watoto haukupatikana. Ule ni michirizi kahawia. Ni virusi, vinabebwa na inzi weupe, na sisi wenyewe tunavisambaza kila tunapogawiana pingili na jirani. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, angalau unaiona, majani yanajikunja na kupata mabaka ya njano. Michirizi inaweza kukuachia shamba la kupendeza, hasara ukaijua jembe likishazama.

Sasa ukitaka kujua kwa nini mtoto wa Muheza anahangaika na mihogo, anza na milima unayoitazama ukikaa barazani. Batobato iliandikwa kwenye sayansi mara ya kwanza mwaka 1894, na Mjerumani aitwaye Warburg, akieleza ugonjwa wa Usambara. Michirizi kahawia iliandikwa mwaka 1936 na Storey, Mwingereza aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, kile walichokianzisha Wajerumani mwaka 1902. Kwenye miaka hiyo ya 1930 Storey na wenzake waliona muhogo peke yake hauna kinga ya kutosha, wakauzalisha na ndugu yake, ule mti wa mpira uliotoka Brazil ukaletwa kwetu kwa ajili ya utomvu. Mahuluti ya kwanza mizizi yake haikuwa ya kuliwa. Wakayarudisha kwa muhogo, wakarudisha tena, mpaka ikapatikana mimea inayolika na inayostahimili. Namikonga, ambayo watani zetu wa Kenya wanaiita Kaleso, ni wa ukoo huo. Mbegu nyingine za Amani zilifika Nigeria, na damu yake ikaingia kwenye mihogo ya Afrika Magharibi.

Jina la Storey lipo kwenye kila makala. Ya Wasambaa na Wabondei waliolima vile vitalu siyaoni.

Jenomu ya muhogo, yaani vinasaba vyake vyote kwa pamoja, ina kromosomu jozi 18 na herufi za DNA kama milioni 750. Mwaka 2016 lilichapishwa andiko lililolinganisha muhogo wa shambani, ule wa mwituni na ule mti wa mpira, na vipande vya vinasaba vya mpira vikaonekana vimekaa ndani ya mihogo yetu. Baadaye ikabainika kuwa vipande vikubwa viko kwenye kromosomu ya 1 na ya 4. Mara ya kwanza nilipovichora kwenye skrini yangu mwenyewe nilisimama, nikazunguka meza. Kazi iliyofanywa milimani juu ya kijiji chetu kabla babu hajaoa ipo pale, inasomeka, nami naisoma nikiwa Ulaya kwa mkataba wa miaka miwili.

Msidhani ni kubonyeza tu kompyuta. Unachuma jani changa, unalisaga kwenye kinu kwa naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, mpaka liwe unga wa kijani, na unga usiyeyuke kabla hujauweka kwenye dawa. Ukizubaa, wanga na utomvu vinashikana na DNA, inatoka nzito, inavutika, na mashine inaikataa. Ikikubali ndipo taabu ya pili inaanza: muhogo tunaupanda kwa pingili, haujatulizwa kwa kuzalishwa wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo nakala ya vinasaba iliyotoka kwa mama na ile iliyotoka kwa baba zimeachana mno. Zamani programu za kompyuta zilizichanganya. Siku hizi mashine zinasoma vipande virefu na tunaweza kuzitenganisha. Mwaka 2022 wenzetu walionyesha kwamba ile kinga kubwa ya batobato inatokana na mabadiliko madogo kwenye jeni la kimeng'enya kinachonakili DNA. Herufi chache tu, na shamba zima linapona.

Kwa hiyo, mjomba, ndiyo, nalipwa kutazama mihogo.

Ila wadogo zangu wa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro, mnaoniandikia "kaka, nipe mchongo", sikilizeni upande wa pili. Chuo kikuu cha huku si kama kwetu, kwamba ukipata PhD una ajira, una kiwanja na watu wanakuamkia. Sheria ya hapa inaruhusu mikataba ya muda kwa miaka sita kabla ya udaktari na mingine sita baada yake. Baada ya hapo upate nafasi ya kudumu, ambazo ni chache mno, au utafute fedha za mradi, au uondoke. Kibali changu cha ukaazi kinakwenda na mkataba. Nina umri ambao wenzangu wanapaua nyumba, mimi najaza fomu za kuthibitisha kwamba nipo. Kabla hujasaini, uliza fedha ni za nani na zinaisha lini. Jifunze zana za kompyuta kama Linux, R na Python ukiwa huko huko Morogoro, ni bure. Na ujifunze Kijerumani, usidanganywe kwamba maabara wanaongea Kiingereza. Barua ya joto haiji kwa Kiingereza.

Ile ya kwangu aliisoma mzee anayetunza banda la kioo, karibu kustaafu, mtu ambaye tangu nimfahamu hajawahi kuniambia zaidi ya "asubuhi njema". Alinikuta nimeikodolea macho wakati wa chakula cha mchana, akaichukua bila kuomba, akavaa miwani, akatoa kalamu. Ukubwa wa chumba changu ulikuwa umezidishwa. Akaniandikia barua ya pingamizi palepale, akanieleza kwamba mpangaji ana miezi 12 ya kupinga na ana haki ya kuona risiti zote. Akarudi kumwagilia. Jamani, hawa watu huwezi kuwamaliza kuwajua.

Juzi nikampigia mjomba, nikamweleza yote haya, Amani, mpira, kromosomu. Akasikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Sasa hiyo mbegu isiyougua inafika lini Muheza, mwanangu?" Nikamwambia ukweli: kuzalisha, majaribio ya misimu kadhaa, wakulima waionje, TOSCI, wale wa kuthibitisha ubora wa mbegu, waipitishe, si chini ya miaka minane.

"Haya," akasema. "Mimi mwaka huu napanda mahindi."