King Majuto na kazi ya kusubiri kicheko

Mtoto wa kaka yangu na wenzake wanarekodi vichekesho kwa simu pale Mwanga, hapa Kigoma mjini, na vipaji wanavyo kweli. Ila majuzi waliniambia, "Shangazi, King Majuto alifaa zama zenu tu. Kazi yake kupiga kelele na kutoa macho." Siku ile nilikuwa nawahi ukumbini, sikuwajibu. Nawajibu hapa, na wengine wenye mawazo hayo wasome.

King Majuto alikuwa mchekeshaji, jina lake halisi Amri Athuman. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza bado mtoto, mwishoni mwa miaka ya hamsini. Sasa pigeni hesabu. Tanzania Bara tumeanza kuwa na televisheni mwaka 1994. Kwa hiyo mzee huyu alikuwa ameshakula miaka zaidi ya thelathini ya uigizaji kabla ya kamera za televisheni kuingia. Jukwaani hakuna kukata wala kurudia, na mtu wa mstari wa mbele akipiga mwayo unamwona. Ndiyo shule aliyotoka. Hata alipohamia kwenye mikanda ya video na baadaye matangazo ya biashara, aliigiza kama mtu ambaye watu wamekaa mbele yake wanamtazama.

Sisi wa Ujiji tulimjulia kwenye banda la video. Umeme wa Kigoma miaka hiyo ulitoka kwenye mitambo ya dizeli na haukuaminika, hivyo mwenye banda alikuwa na jenereta lake linanguruma nyuma ya ukuta. Madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ya mbao, wavuvi wamekuja moja kwa moja kutoka ziwani nguo zinanuka dagaa. Filamu za ngumi zilikuwa za vijana. Ukiwekwa mkanda wa Majuto, waliingia hata wazee wenye kanzu zao, na akina mama wenye watoto mgongoni. Nyumbani wengi wetu tulizungumza Kiha. Walikuwepo pia Wakongo waliovuka ziwa, ambao Kiswahili chao kina mwendo wake. Wote walicheka mahali pamoja, ingawa mzee hakukilegeza Kiswahili chake cha Tanga hata kidogo.

Kuna jambo alilokuwa akilifanya ambalo nimelitazama tena na tena. Tuseme analetewa habari kwamba binti yake amepata mchumba, na mchumba mwenyewe hana kazi. Majuto hajibu. Anamkazia macho aliyeleta habari. Kisha anageuza kichwa pembeni, polepole, anatafuta shahidi ambaye hayupo. Anarudi kumtazama yule mtu. Mdomo unafunguka kidogo, unafumba. Banda zima linacheka na yeye hajatamka kitu. Ndipo anarudia lile neno la mwisho, kwa sauti ya chini, kama anauliza: hana kazi? Hapo watu wanashikana mabega wasianguke. Kelele zinakuja baadaye, kicheko kikishapanda, ili kikipanda kisishuke. Ninyi wanangu mmezisikia kelele, ule ukimya uliozitangulia mmeuruka.

Mimi ni mshereheshaji wa harusi, Kigoma mjini, Kasulu, popote ninapoitwa. Najua ukimya unavyomtisha mtu aliyeshika maiki. Wengi wanaukimbia kwa kuongeza maneno, na wageni wakitaka kucheka wanakatizwa. Mimi nikishatoa neno langu nashusha maiki hadi kiunoni, namtazama bwana harusi, nanyamaza. Hilo nimelipata kwa Majuto, sikufundishwa na mtu mwingine.

Jingine ni namna alivyowapa wenzake nafasi. Mtazameni akiwa na Sharo Milionea, Hussein Ramadhani, kijana wa Muheza mwenye mikogo na "umebugi meen" yake. Mzee mwenye jina kubwa vile angeweza kummeza kabisa. Lakini alikuwa kama ukuta wa kijana kuupigia mpira: kila madaha ya Sharo yalirudi yakiwa yamechekesha mara mbili, kwa sababu Majuto aliyapokea kwa uso wa baba aliyeshangaa kweli. Sharo alifariki kwa ajali ya gari Novemba 2012, huko huko Muheza. Mwaka 2014 akaondoka Mzee Small, Said Ngamba, mchekeshaji mwingine mkubwa wa kizazi cha jukwaa. Mimi bado nawalilia wote.

Majuto mwenyewe aliumwa kwa muda. Mwaka 2018 alipelekwa India kutibiwa, akarudi, na tarehe 8 Agosti akafariki Muhimbili akiwa na miaka 70. Akazikwa kwao Tanga. Akiwa bado kitandani ndipo nchi ilipoanza kuzungumza wazi kuhusu mikataba yake ya matangazo, na Harrison Mwakyembe, Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wa wakati huo, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Liliniuma sana. Mtu ameuza bidhaa za watu kwa uso wake, kila mtoto anamjua, halafu haki yake inatafutwa akiwa hawezi kusimama.

Kwa hiyo mwenye duka akiwafuata mumtengenezee tangazo, msikubali maneno ya mdomoni, hata kama ni jirani yetu. Iandikwe tangazo litatumika muda gani na wapi, na likitumika zaidi ya hapo mnalipwa nini. Karatasi ileteni kwangu tuisome pamoja kabla hamjatia saini.

Vichekesho vya mzee leo vimejaa YouTube, vimewekwa na watu chungu nzima, na katikati yake yanapita matangazo yanayolipa. Nataka kuona fedha hizo zinafika kwa wanawe.