Michembe yangu ya kwanza

Leo asubuhi sijanunua mkate. Nimechemsha michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa, ya shambani kwangu, nikaitia karanga za kutwanga, chai pembeni, basi. Viazi nilivuna mwezi wa 6 hapa Shinyanga, nikamenya, nikakata vipande vyembamba, nikaanika juu ya jiwe. Mama alinionya nisifunge gunia mpaka kipande kivunjike "ka!" mkononi. Mimi na haraka zangu! Gunia la kwanza liliota ukungu, nikamwaga lote. Nililia, sifichi. La pili nimeanika siku 5 kamili. Limebaki nusu na mvua ndiyo kwanza zinanukia. Matobolwa, yale ya kuchemsha kwanza ndipo uanike, watoto waliyamaliza zamani, wakiyatafuna makavu hivyo hivyo kama pipi.